KINYWA JUMBA LA MANENO

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

 

Wahenga walinena kwamba kinywa ni jumba la maneno. Walinena kweli, lakini wengi wetu twalitumia jumba hili mwaka nenda mwaka rudi bila kujua lina vyumba vingapi na nani anafanya kazi gani humo ndani. Ukimwuliza mwanafunzi ulimi wake uko wapi anapotamka "n", atakukodolea macho. Na hiyo "n" ameitamka mara elfu tangu asubuhi!

Nimeandika makala haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mtihani. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE hupenda kutuuliza habari za sauti na mahali zinapotamkiwa, na wengi wetu hukariri orodha kama kasuku, kisha siku ya mtihani orodha imetoroka. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni kicheko. Hapa kwetu Kwale darasa moja huwa na Mdigo wa Msambweni, Mduruma wa Kinango, Mkamba wa Shimba Hills, Mvumba wa Vanga, na watoto wa wafanyakazi wa hoteli za Diani waliotoka kila pembe ya Kenya. Wamo pia Wamakonde, ambao jamii yao ilianza kupewa vitambulisho vya Kenya mwaka 2017 baada ya kukaa hapa miaka mingi. Mwanafunzi mmoja akisimama kusoma na sauti moja ikaenda kombo, darasa zima linaangua kicheko. Anayechekwa leo, kesho hainui mkono. Kufika mwisho wa muhula hazungumzi kabisa darasani, ilhali majibu anayo.

Mimi nasema kicheko hicho ni cha kutojua. Ukielewa kinywa kinavyofanya kazi, utaona kwamba kati ya matamshi tunayoyasifu na matamshi tunayoyacheka pana safari ya ulimi isiyozidi upana wa ukucha. Basi chukua kioo kidogo, kaa mahali ambapo hakuna mtu wa kukuona ukijikunja uso, twende pamoja.

MLANGO NA KUTA ZA JUMBA

Tuanze nje tukiingia ndani. Mlango ni midomo. Kuna mdomo wa juu na mdomo wa chini, na wote wawili ni nyama yenye misuli inayoweza kufunga, kufungua, kuviringa na kutandaza. Tamka "pa", "ba", "ma". Umeona? Huwezi kuzitamka bila midomo kufungana kwanza. Jaribu kusema "mama" huku umeachama, utaishia kusema kitu kingine kabisa.

Nyuma ya midomo kuna meno. Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32: manane ya mbele ya kukatia, manne ya chonge, na magego 20 ya kusagia, manane yakiwa madogo na 12 makubwa. Mtoto ana meno 20 ya utotoni. Kazi ya meno tunaijua, ni kutafuna. Lakini mtazame mdogo wako wa miaka sita au saba aliyeng'oka meno ya mbele. Mwambie aseme "fisi". Pumzi inapita penye pengo na "f" yake inakuwa upepo mtupu. Ndipo utakapojua kwamba meno nayo husema. Sauti "f" na "v" hutamkwa kwa mdomo wa chini kugusa meno ya juu.

Peleka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Utagusa kinundu kigumu kabla ya paa kupanda. Hicho ni ufizi, na ndicho kituo chenye shughuli nyingi kuliko vyote katika Kiswahili. Endelea kurudisha ulimi nyuma. Sehemu ngumu iliyopinda kama paa la banda ni kaakaa gumu, na ndani yake mna mfupa. Ukizidi kurudi nyuma utafika mahali pa laini pasipo na mfupa. Hapo ni kaakaa laini. Usiende mbali sana, utatapika!

Mwisho wa kaakaa laini pananing'inia kinyama kidogo kama tone la maji. Fungua kinywa mbele ya kioo, useme "aaa", utakiona. Hicho ni kimio, na vitabu vingine hukiita kilimi au kidakatonge. Kaakaa laini pamoja na kimio hufanya kazi ya mlango wa pua. Likipanda, njia ya pua inafungwa na pumzi yote inatokea kinywani. Likishuka, pumzi inapita puani. Ukitaka ushahidi, tamka "mmmm" kwa kuendelea, kisha zibe pua kwa vidole viwili. Sauti imekatika ghafla, au sivyo? Sasa tamka "ssss" na uzibe pua. Haikatiki. Ndiyo maana "m", "n", "ny" na "ng'" zaitwa ving'ong'o, na ndiyo maana mwenye mafua husema "baba" anapotaka kumwita mama yake.

Kuta zote hizi huloweshwa na mate. Tuna jozi tatu za tezi kubwa za mate, na kwa siku moja mtu hutoa kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu. Bila mate ulimi hukwama, maneno yakakauka. Muulize yeyote aliyewahi kusimama mbele ya gwaride kutoa hotuba bila kunywa maji.

ULIMI HAUNA MFUPA

Wazee wanaposema ulimi hauna mfupa, wao humaanisha kwamba ulimi waweza kusema lolote, la kweli na la uongo. Lakini hata kwa mwanabiolojia maneno hayo ni sahihi. Ulimi ni fundo la misuli tu. Misuli yake imegawanywa katika makundi manane, na kila kundi lina upande wa kulia na wa kushoto. Minne imo ndani ya ulimi wenyewe na kazi yake ni kubadilisha umbo: kuurefusha, kuufupisha, kuutandaza na kuukunja. Minne mingine imeshikamana na sehemu za nje kama taya la chini, fuvu, kaakaa laini, na mfupa mdogo wenye umbo la herufi U ulio juu ya koo. Hiyo huusogeza ulimi mbele, nyuma, juu na chini.

Sasa utauliza, kitu kisicho na mfupa kinawezaje kusukuma na kusimama imara? Tumtazame pweza. Wavuvi wa Msambweni na Gazi wanajua nguvu ya mikono yake, na pweza hana hata mfupa mmoja. Mtazame pia ndovu wa Shimba Hills. Mkonga wake hauna mfupa, na unang'oa matawi. Siri ni moja kwa wote watatu. Misuli imejaa maji na haishindiliki, kwa hivyo ikibanwa upande mmoja hutokea upande mwingine, kama mfuko wa maji unapoufinya. Ulimi wako na mkonga wa ndovu, katika jambo hili, ni ndugu.

Kwa kazi ya kutamka, ulimi tunaugawanya mara nne. Kuna ncha, kuna bapa lililo nyuma tu ya ncha, kuna sehemu ya kati, na kuna shina la ulimi huko nyuma. Tukizungumza haraka, sehemu hizi hupishana mara nyingi katika sekunde moja, na amri karibu zote hufika kwa mshipa wa fahamu wa kumi na mbili utokao kwenye ubongo. Wanafunzi wa biolojia, huo ni wenu.

Ulimi una kazi nyingine ya kuonja. Hapa niwaonye jambo. Kuna mchoro maarufu unaoonyesha kwamba tamu huonjwa kwenye ncha, chumvi na chachu pembeni, na chungu nyuma. Mchoro huo ulizuka baada ya utafiti wa Mjerumani mmoja, D. P. Hänig, uliochapishwa mwaka 1901, ambao watu waliuelewa kupita alivyokusudia. Ukweli ni kwamba sehemu zote za ulimi zenye vionjo zinaonja ladha zote, tofauti zikiwa ndogo tu. Chukua tone la maji ya ukwaju uliweke kwenye ncha, kisha tone la shubiri. Ncha itakupa habari za yote mawili, wala hutahitaji kusubiri yafike nyuma.

PUMZI NA NYUZI ZA SAUTI

Ala hizi zote ni kama ngoma isiyo na mpigaji mpaka pumzi ije. Pumzi hutoka mapafuni, ikapanda kwenye koo na kupita katika kikoromeo, ambamo mna nyuzi mbili za sauti. Nyuzi zikikaribiana na pumzi ikazipitia kwa nguvu, zinatetema. Kwa mwanamume mzima hutetema zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na kwa mwanamke karibu mara 200. Ndiyo sababu sauti ya mwanamke ni nyembamba zaidi. Wavulana wa Kidato cha Kwanza ambao sauti zao zinavunjika wasione haya. Kikoromeo kinakua, nyuzi zinarefuka na kunenepa, na baada ya muda mambo yatatulia.

Weka vidole kwenye koo, mahali penye kile kifundo. Tamka "zzzz". Unahisi mtetemo kama nyuki kwenye mzinga. Sasa tamka "ssss". Kimya. Ulimi haukusogea, meno hayakusogea, kilichobadilika ni nyuzi za sauti tu. Yenye mtetemo ni sauti ghuna, na isiyo na mtetemo ni sauti sighuna, au hafifu. Kwa njia hii jozi za Kiswahili zinajieleza zenyewe: p na b, t na d, k na g, f na v, s na z, th na dh, ch na j. Hakuna tena haja ya kukariri. Mkono wako u juu ya koo, nao utakujibu hata ndani ya chumba cha mtihani.

IRABU TANO

Irabu hutamkwa bila pumzi kuzuiwa popote. Kinachobadilika ni umbo la kinywa. Shika kioo, tamka "i". Midomo imetandazwa, na ulimi umepanda mbele. Tamka "e". Ulimi umeshuka kidogo. Tamka "a". Kinywa wazi, ulimi umelala chini. Tamka "o". Midomo imeviringa, na ulimi umerudi nyuma na kupanda kidogo. Tamka "u". Midomo imeviringa zaidi, na ulimi umepanda juu kule nyuma. Ukizitamka mfululizo i-e-a-o-u, ulimi umeshuka ngazi na kupanda ngazi nyingine.

KONSONANTI NA VITUO VYAKE

Konsonanti ni safari za kuzuia pumzi. Jiulize maswali mawili: pumzi inazuiwa wapi, na inazuiwa vipi?

Wapi?
Midomo yote miwili: p, b, m, na w.
Mdomo wa chini na meno ya juu: f, v.
Ncha ya ulimi na meno: th, dh.
Ulimi na ufizi: t, d, n, s, z, l, r.
Bapa la ulimi, kati ya ufizi na kaakaa gumu: sh.
Ulimi na kaakaa gumu: ch, j, ny, y.
Shina la ulimi na kaakaa laini: k, g, gh, ng'.
Kooni kwenye nyuzi za sauti: h.

Vipi? Pumzi ikifungiwa kabisa kisha ikaachiliwa ghafla, ni kipasuo, kama p, t, k. Ikipenyezwa katika mwanya mwembamba ikakwaruza, ni kikwaruzo, kama f, s, sh. Ikifungiwa kisha ikaachiliwa polepole kwa kukwaruza, tunapata ndoa ya hizo mbili, kipasuo-kwaruzo, kama ch. Ikipita pembeni mwa ulimi, ni kitambaza, nacho ni l. Ncha ya ulimi ikipigapiga ufizi, ni kimadende, nacho ni r. Ving'ong'o tumeshavitaja. Zilizobaki, w na y, ni viyeyusho au nusu irabu.

Yote hayo yamo kinywani mwako. Sasa tuje kwenye kicheko.

MACHO, MATO, MATSO

Mwanafunzi aliyelelewa kwa Chidigo akiteleza, akasema "matso" badala ya "macho", darasa linacheka. Hebu tuchunguze amefanya kosa gani. Tazama maneno haya matatu:

Kiswahili sanifu: macho, kichwa, nchi.
Kimvita cha Mombasa: mato, kitwa, nti.
Chidigo: matso, chitswa, tsi.

Tamka "mato". Ncha ya ulimi imegonga mbele na kuachia ghafla. Tamka "matso". Ulimi umegonga karibu na hapo hapo, ila umeachia polepole na pumzi ikakwaruza kama "s". Tamka "macho". Bapa la ulimi limerudi nyuma kidogo kuelekea kaakaa gumu, na pumzi imekwaruza kama "sh". Basi! Hiyo ndiyo tofauti yote. Ni vituo vinavyopakana, na mwendo wa mate moja tu la ulimi.

Tena haikutokea kwa bahati. Wataalamu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao Swahili and Sabaki cha mwaka 1993, walieleza kwamba Kiswahili na lugha za Mijikenda, Chidigo ikiwemo, ni za ukoo mmoja uitwao Sabaki, kwa jina la mto wetu wa huko Malindi. Wengine katika ukoo huo ni Kipokomo, Kielwana na lugha za visiwa vya Ngazija. Ni watoto wa nyumba moja. Kila mtoto alichukua sauti ile ile ya mababu akaiweka kwenye kituo chake. Ndiyo maana "maji" kwa Chidigo ni "madzi", na "mji" ni "mudzi".

Kwa nini basi "macho" ndiyo huandikwa vitabuni, na "mato" na "matso" hazikuandikwa? Kinywa hakina jibu la swali hilo. Jibu liko katika historia. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja, yaani Kiswahili cha mjini Zanzibar, kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia kazi hiyo. Lau wajumbe wangechagua Kimvita, leo sote tungeandika "mato" katika insha, na anayesema "macho" ndiye angechekwa.

Na kuna jambo zaidi. Chidigo kina sauti ambazo Kiswahili sanifu hakina. Kuna hizo "ts" na "dz". Kuna pia ile inayoandikwa "ph", kama katika "kuphiya", yaani kwenda. Hapo midomo miwili hukaribiana bila kufungana, pumzi ikapita katikati. Mwambie mwenzako kutoka bara ajaribu. Atasema "p", kisha "f", kisha "w", na bado hajafika. Kwa hivyo ulimi na midomo ya Mdigo aliyejifunza Kiswahili ina ujuzi wa ziada, haina upungufu. Asiyeamini atafute kamusi iitwayo Mgombato, ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, iliyotolewa mwaka 2004. Jina lenyewe latokana na "kugomba", yaani kusema.

KARATASI MBELE YA MDOMO

Sisi tunaojiona mabingwa wa Kiswahili, tusijivune upesi. Chana kipande chepesi cha karatasi, ukining'inize mbele ya midomo. Mtafute mzee wa Kimvita aliyekulia lugha hiyo, umwombe aseme "paa" la makuti, kisha "paa" yule mnyama wa mwituni. La makuti, karatasi inatulia. Mnyama, karatasi inaruka! Mwambie tena aseme "kaa" la moto, kisha "kaa" wa pwani anayetembea upande. La moto, kimya. Wa pwani, pumzi inatoka kwa kishindo. Kwetu sisi tuliojifunzia Kiswahili vitabuni maneno hayo ni mamoja, kwa sababu maandishi hayaonyeshi tofauti. Kwa mzee huyo ni maneno mawili mbalimbali. Akitusikia, naye ana haki ya kucheka. Lakini yeye huyu, kwa adabu yake, hutunyamazia.

NDIMI ZA WENZETU

Kila lugha ina vituo inavyovitumia na vituo inavyoviacha. Kikamba hakina "r". Alfabeti ya Kikuyu haina "l". Dholuo haina "sh". Mtoto huzaliwa na kinywa kile kile na masikio yale yale. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walichapisha utafiti uliofanywa Kanada, ulioonyesha kwamba watoto wachanga wa miezi sita hivi huweza kutofautisha hata sauti za lugha wasizowahi kuzisikia nyumbani, na kwamba uwezo huo hupungua wanapokaribia mwaka mmoja. Sikio huchagua lugha ya mama, na ulimi hulifuata sikio. Kwa hivyo anayesema "lafiki" badala ya "rafiki" hana ulimi mbovu. Ulimi wake umesoma shule nyingine.

Njema ni kwamba ulimi ni msuli, na msuli hufundishika. Haya hapa mazoezi machache.

L na R. Tamka "lllll" huku ncha imebandikwa kwenye ufizi, na uhisi pumzi ikipita pembeni. Hiyo ni "l". Kwa "r", usibandike. Gusa na uondoke. Anza kwa kutamka "ada, ada, ada" kwa haraka sana na kwa wepesi. Baada ya muda utasikia "ara, ara". Kisha jaribu "lala" na "rara", "kula" na "kura". Wagombea wa serikali ya wanafunzi, tofauti ya kula na kura muijue mapema.

S na SH. Tamka "ssss". Bila kusimama, rudisha ulimi nyuma kidogo na uviringe midomo. Umefika "shhhh". Jaribu "saba" na "shaba".

Z na DH. Tamka "zzzz", kisha sogeza ncha ya ulimi mbele mpaka ionekane kidogo kati ya meno. Umefika "dh". Sema "dhahabu" mbele ya kioo, na kama ncha haionekani, bado unasema "zahabu".

G na GH. "G" hufunga kabisa kule kwenye kaakaa laini. "Gh" huacha mwanya mwembamba, kama mtu anayesukutua koo bila maji. Jaribu "gali", kisha "ghali".

Dakika tano kila jioni zatosha. Fanyeni wawili wawili, mmoja akisema, mwenzake akitazama midomo na ulimi.

WALIO NA SHIDA YA KWELI

Wapo wachache ambao shida yao si ya mazoezi. Chini ya ulimi pana utando unaoushikilia. Kwa watoto wengine utando huo ni mfupi mno, hata kunyonya kukawa taabu. Huyo apelekwe hospitali achunguzwe na daktari.

Wapo pia wenye kigugumizi. Nao hawana kosa katika ulimi. Chanzo chake kimo katika jinsi ubongo unavyopanga mwendo wa matamshi, na kumharakisha au kummalizia maneno humzidishia taabu. Msubiri amalize.

Na kimio nacho nikisemee. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto akikohoa kwa muda mrefu huambiwa kimio kimerefuka, akapelekwa kukatwa na mganga. Mwenzangu, kimio hakileti kikohozi cha kudumu. Kukikata kwa kifaa kisichosafishwa huweza kuleta kutokwa na damu nyingi, uvimbe wa koo na maradhi mengine ya kuambukiza, huku ugonjwa wenyewe wa kifua ukiendelea bila matibabu. Ukisikia habari hiyo nyumbani, waambie wazee kwa heshima na upole: mtoto apelekwe zahanati.

HITIMISHO

Mpenzi msomaji, tumezunguka jumba lote. Tumeona midomo, meno, ufizi, makaakaa mawili, kimio, nyuzi za sauti, na ulimi usio na mfupa. Hakuna chumba hata kimoja tulichokikuta kwa Mvumba kikakosekana kwa Mkamba. Vyumba ni vile vile. Kila jamii ina desturi yake ya kupanga vyombo.

Sisemi tuache Kiswahili sanifu. Mtihani unakitaka, na ndicho kinachotuunganisha na wenzetu wa Tanzania, Uganda na Kongo. Tukijifunze, tukitamke sawasawa. Ninachosema ni kwamba mwenzako akiteleza, usimcheke. Mwonyeshe kituo. Mwambie, "Rudisha ulimi nyuma kidogo." Maneno manne tu, na umemsaidia kuliko vicheko mia. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na anayemcheka mwenzake kwa lugha ya mama yake amejikwaa ulimi vibaya zaidi kuliko yule aliyesema "matso".

Walimu wetu nao tunawaomba, kwa heshima zote, kila darasa la Kiswahili liwe na kioo kidogo. Bei yake ni nafuu kuliko kitabu, na somo lake halisahauliki.

Kiswahili kitukuzwe, na lugha zetu zote za mama ziheshimiwe.

Wasalaam.